Tambukareli, Ng'ambo na Kwikuru: Majina ya Mitaa ya Tabora Yanavyosomwa

Mgeni anayeshuka kwenye treni stesheni ya Tabora akiwa na anwani iliyoandikwa kwenye karatasi, yaani jina la barabara na namba ya nyumba, mara nyingi hugundua kwamba karatasi yake haimfikishi popote. Dereva wa bodaboda ataisoma, ataigeuza nyuma, kisha atauliza: "Hapo ni karibu na wapi?" Mgeni huyohuyo akitamka Gongoni, Kanyenye, Ng'ambo au Kiloleni, pikipiki itakuwa imeshawashwa kabla hawajamaliza kupatana bei. Dereva hana kosa. Mjini kuna majina ya aina mbili yaliyokaa juu ya ardhi moja: yapo yaliyotoka vinywani mwa wakazi na yapo yaliyotoka ofisini, na anayetaka kujua asili ya jina lolote la mtaa hana budi kutambua kwanza ameshika jina la aina gani.

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno mtaa lenyewe. Katika miji ya zamani ya Waswahili, mtaa ni sehemu ya mji, eneo lenye nyumba, msikiti, kisima na watu wanaojuana, wala si ule mstari wa njia unaopita katikati ya nyumba hizo. Ndiyo maana mtu husema kwamba fulani anakaa mtaa wa kwetu hata kama nyumba zao zimetenganishwa na vichochoro vinne. Serikali za kikoloni zilileta desturi ya kuipa njia jina lake, kwa sababu ramani, kodi na barua vilihitaji mstari unaoanza hapa na kuishia pale, na neno mtaa likabebeshwa kazi hiyo ya pili. Leo lina kazi tatu: eneo wanalolijua wakazi, ngazi ya chini ya utawala wa mjini yenye mwenyekiti wake, na barabara yenye kibao. Kwa hiyo anayeuliza mtaa huu uliitwaje zamani anaweza kupewa majibu matatu, yote ya kweli, yasiyohusiana hata kidogo.

Katika Tabora, tabaka la chini kabisa la majina ni la Kinyamwezi. Mji huu ulikua katikati ya karne ya 19 ndani ya Unyanyembe, nchi yenye mtemi wake, ambako wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani walijenga tembe zao kwa kuwa hapo ndipo njia za misafara zilipogawanyika, moja ikielekea Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine ikipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Majina ya tabaka hilo hujitambulisha kwa umbo lake kabla hata mtu hajajua maana. Kiswahili kikitaka kutaja mahali huongeza -ni mwishoni mwa neno. Kinyamwezi huweka alama ya mahali mwanzoni. Kwihara, walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872 na ambako leo pana tembe la makumbusho, na Kwikuru, penye historia ya watemi wa Unyanyembe, ni majina yenye umbo hilo. Kisha lipo kundi kubwa la majina yanayoanza na I-: Ipuli, Isevya, Itetemia, Itonjanda, Ifucha, Ikomwa. Ukitazama ramani ya manispaa utaona kwamba mengi kati ya hayo yameuzunguka mji kama uzio, ilhali karibu na soko na stesheni majina ya Kiswahili ndiyo yanayotawala. Mji ulikua kutoka katikati ukizungumza Kiswahili, na ulipofika vijijini ulivikuta tayari vina majina.

Kwikuru inastahili kukaliwa kidogo, maana jina hili limesafiri mbali kuliko wengi wanavyodhani. Ndani yake mna ikulu, makazi ya mtemi, yaani pale palipo pakubwa. Ukiweka alama ya mahali unapata "kwenye ikulu". Neno hilo la Wanyamwezi na Wasukuma ndilo Kiswahili cha Tanzania kilichochukua kuitia makazi ya Rais. Mtanzania wa leo anaposikia Ikulu anafikiria Dar es Salaam au Chamwino, na jina la Kwikuru analiona la kijijini, hali ukweli ni kwamba la kijijini ndilo la asili. Zaidi ya hapo, ikulu haikuwa jina la sehemu moja isiyohama: neno lilimfuata mtemi, na kila alipojenga boma lake ndipo palipokuwa Kwikuru. Boma la Mtemi Isike, ambalo Wajerumani katika maandishi yao waliliandika kwa herufi yao ya Q, Quikuru, lilivunjwa nao Januari 1893, na Isike akaamua kujilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Anayetafuta mahali halisi pa Kwikuru katika maandishi ya zamani ni lazima aulize kwanza: Kwikuru ya nani?

Hapa lipo jambo la matamshi ambalo lisipoeleweka kila kitu kinapinda. Kinyamwezi hakitenganishi sauti za l na r kama Kiswahili sanifu kinavyofanya, na wageni walioandika majina ya huku walichagua herufi kwa kadiri masikio yao yalivyowaambia. Kwa hiyo Kwikuru na ikulu, ambayo kwa macho ni maneno mawili tofauti, kwa sikio la mwenyeji ni neno lilelile. Ndivyo ilivyo pia kwa mtawala wa Urambo aliyefariki mwaka 1884: vitabu vya historia vinamwita Mirambo, shule ya sekondari iliyopo Tabora inaitwa Milambo, na hakuna aliyekosea.

Hilo linatufikisha kwenye jina la mji wenyewe. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika hapa Novemba 1857 waliuandika mji kwa jina la Kazeh, na Tabora likaja kushika kalamu za wageni baadaye. Maelezo yanayorudiwa zaidi ni kwamba Tabora limetoka kwenye matobolwa, viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikauke. Hadi leo vinauzwa kwa kopo, vipande vya rangi ya kahawia iliyofifia, vigumu kama kipande cha mti mpaka uvitafune kwa muda, na wauzaji hawavichanganyi na michembe, ambayo hukatwa na kukaushwa bila kuchemshwa. Mnunuzi asiyejua tofauti hiyo hujulikana papo hapo kuwa ni mtu wa kuja.

Je, maelezo hayo yanakubalika? Kwa sauti, yanakubalika: tobolwa na Tabora zinatofautiana kwa mambo ambayo sikio la mgeni hupoteza kwa urahisi, na ile l iliyogeuka r tumekwisha kuiona. Kwa mazingira pia yanakubalika, kwa sababu chakula kikavu, chepesi kubeba na kisichooza ndicho msafara ulichokihitaji kabla ya kuingia porini. Ninachokitilia shaka ni hadithi inayofungwa juu yake, kwamba mgeni alimkuta mtu anakula, akamuuliza hapa panaitwaje, mtu akadhani anaulizwa anakula nini, akajibu matobolwa. Hadithi ya mgeni aliyeuliza kimoja akajibiwa kingine inasimuliwa katika miji mingi mno, nchini na kwingineko, na watu na vyakula hubadilishwa tu. Neno linaweza kuwa la kweli na hadithi yake ikawa pambo.

Tabaka la pili lilikuja na misafara. Lina ladha ya pwani, na katika kulisoma mtu anahitaji kukumbuka mji wa Unguja. Tabora kuna Ng'ambo; Unguja kuna Ng'ambo. Tabora kuna Mtendeni. Unguja kuna Mtendeni, na Dar es Salaam vilevile. Tabora kuna Kidongo Chekundu. Unguja na Dar es Salaam majina hayo yapo. Jina moja likifanana na la pwani halithibitishi chochote, maana udongo mwekundu si mali ya mtu, na popote penye mtende watu wanaweza kupaita Mtendeni bila kumwiga yeyote. Lakini majina matatu yaliyokutana pwani yanapokutana tena umbali wa mamia ya kilomita kutoka baharini, katika mji uliojengwa na watu waliotoka hukohuko, uzito wa ushahidi unaanza kuegemea upande wa kuhama. Watu wanaohama hubeba majina ya kwao kama wanavyobeba mbegu. Mitende yenyewe haikuwa miti ya Unyanyembe. Mtu wa pwani ndiye aliyeipanda, na pengine jina na kokwa viliingia katika mfuko mmoja.

Ng'ambo lina somo jingine. Maana yake ni upande wa pili, hasa wa maji. Unguja, Ng'ambo ilikuwa upande wa pili wa mkono wa bahari ulioutenga na Mji Mkongwe. Mkono huo ulifukiwa zamani, daraja likaondoka, lakini majina ya Ng'ambo na Darajani yamebaki yakitaja maji na daraja ambavyo mtoto wa leo hajaviona. Jina la namna hii linaeleza pia mahali aliposimama aliyelitoa. Hakuna mtu aliye ng'ambo kwa macho yake mwenyewe; ng'ambo daima ni kule, na kule huamuliwa na aliye huku. Kwa hiyo ukikuta mtaa unaoitwa Ng'ambo, iwe Unguja au Tabora, umeshajua kwamba waliokuwa na sauti ya kuutaja mji walikaa upande mwingine. Wakazi wa Ng'ambo wamelichukua jina hilo wakalifanya la kwao, na sijamsikia hata mmoja akilalamika, lakini asili yake ni kidole kilichonyooshwa kutoka mahali pengine.

Gongoni nako kuna mtego. Vijana wa mjini hucheka kwamba jina limetoka kwenye gongo, ile pombe kali ya kienyeji. Utani ni mzuri, na kama utani nauacha. Kama maelezo ya asili una kasoro. Gongo kwa maana ya fimbo nene ni neno la kale zaidi, na Gongoni kama jina la mahali lipo pia katika pwani ya Kenya, kaskazini ya Malindi. Kosa hapa ni la kawaida: tunachukua maana ya neno iliyo midomoni mwetu leo na kuirudisha nyuma miaka 100 na zaidi, kana kwamba aliyepataja mahali hapo kwanza alikuwa na kamusi yetu. Mwanga ya Kigoma inaonewa hivyohivyo. Wengine wanasema ni nuru, wengine kwa sauti ya chini wanakumbusha kwamba mwanga ni mchawi pia, na wote wawili wamelipeleka jina moja kwa moja kwenye Kiswahili katika nchi ya Waha, bila kukiuliza Kiha kwanza.

Tabaka la tatu ni fupi na ni rahisi kulipa umri. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Jina la Tambukareli, kwa hiyo, haliwezi kuwa la kabla ya 1912, hata kama mzee anayekusimulia anaapa kwamba babu wa babu yake alizaliwa hapo. Alizaliwa hapo, ndiyo, lakini hapo paliitwa vingine. Dodoma, mji mwingine wa reli hiyohiyo, nako kuna Tambukareli, jambo linaloonyesha kwamba reli ilizaa majina yake kila ilipokata mji. Kinachonivutia zaidi ni kitenzi. Kutambuka ni kuvuka kwa kupiga hatua juu ya kitu, kama mtu anavyotambuka mfereji au mtu aliyelala. Katika mazungumzo ya kila siku wengi wetu sasa tunasema vuka, na kutambuka kumebaki kwa wazee na vitabu. Jina limehifadhi kitenzi ambacho mdomo umeanza kukiacha, na limehifadhi pia picha: hapakuhitajika daraja wala geti, mtu aliinua mguu, akapita vyuma viwili, akawa upande wa pili.

Yanayobaki ni majina ya ofisini. Haya husomwa kwa njia tofauti kabisa, kwani maana yake haimo katika ardhi inayoitwa hivyo, imo katika serikali iliyoita. Tabora katika muda wa miaka 70 hivi imekuwa chini ya mtemi, Wajerumani, Wabelgiji walioutwaa mji tarehe 19 Septemba 1916, Waingereza, na hatimaye Tanganyika huru, na kila mwenye mamlaka alikuja na kalamu yake. Mfano ulio wazi zaidi uko Dar es Salaam, ambako njia moja iliitwa na Wajerumani Unter den Akazien, Waingereza wakaitafsiri kuwa Acacia Avenue, uhuru ukaifanya Independence Avenue, na sasa ni Barabara ya Samora. Miti, uhuru, kisha mpigania uhuru wa nchi jirani: njia haikusogea hata hatua moja, na kila jina linatueleza habari za ofisi kuliko za njia.

Kwa sababu hiyo, jina la ofisini huweza kumweka mtu mahali ambapo mwenyewe asingepatarajia. Mirambo alipigana na Waarabu wa Tabora na washirika wao wa Unyanyembe, na tangu 1871 aliifunga njia ya Ujiji kwa miaka kadhaa. Leo jina lake linabebwa na shule mjini Tabora kwenyewe, ileile ambayo zamani ilikuwa St. Mary's na ambako Julius Nyerere alifundisha katika miaka ya 1940, na Dar es Salaam kuna Mtaa wa Mirambo, ambao kwa miaka mingi ulikuwa anwani ya makao makuu ya Benki Kuu. Taifa lilihitaji mashujaa waliopinga wageni, likamchukua bila kuuliza mji uliomwogopa ulikuwa unamkumbukaje. Silaumu, majina ya taifa hufanya kazi ya taifa. Lakini anayesoma kibao hicho akadhani Mirambo alikuwa mtu wa Tabora amesomeshwa vibaya na kibao.

Hata hivyo mpaka kati ya jina la ofisini na jina la wakazi una milango, na ushahidi mzuri wa hilo uko mwisho wa reli, Kigoma. Njia kuu inayopanda kutoka stesheni kupitia mjini kuelekea Mwanga na Ujiji ni Barabara ya Lumumba. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, mwaka uleule ambao Tanganyika ilipata uhuru, na miji mingi ya nchi hii ina mtaa wenye jina lake. Ule wa Dar es Salaam, ambako TANU ilikuwa na ofisi, uliitwa New Street. Kwingine Lumumba ni jina la heshima ya mbali. Kigoma, ambako siku ya mbingu safi milima ya Kongo inaonekana ng'ambo ya ziwa, ambako Ujiji ina koo za Wamanyema waliotoka upande huo, na ambako mwaka 1965 Che Guevara alivuka ziwa kwenda kuungana na wapiganaji wa Kongo, jina hilohilo ni la nyumbani. Ofisi ilitoa jina moja kwa miji yote. Kigoma ikaliongezea maana ambayo haikuwa kwenye waraka.

Inatokea pia serikali kurudi nyuma kwa jina, ingawa mfano wangu si wa mtaa. Meli ya Wajerumani ya Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, yenye jina la gavana wao, iliyozamishwa na wenyewe mwaka 1916 na kuibuliwa na Waingereza mwaka 1924, ilipoanza tena safari mwaka 1927 haikupewa jina la gavana mwingine. Iliitwa Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kusini mwa ziwa likitumika kuliita ziwa lenyewe. Kwa mitaa, sijaona mkoloni aliyefanya ukarimu wa namna hiyo.

Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, na kila njia, hata kichochoro cha mikokoteni, ikatakiwa kuwa na jina, na kila nyumba namba. Kwa mara ya kwanza majina ya mstari yalihitajika kwa wingi kuliko majina ya eneo yaliyokuwepo, na ikabidi watu wa mtaa wakae waamue. Mahali pengine walichukua jina la mkazi wa kwanza, pengine la mti uliokwisha kukatwa, pengine la kiongozi. Baada ya miaka 100 mtu atasimama mbele ya vibao hivyo akitafuta maana, na tabaka hili litamsumbua kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu majina ya ofisini na ya wakazi yalipigwa muhuri kwa siku moja, kwa rangi moja, kwenye nguzo za aina moja.

Nyumba ninayoishi ina namba, na njia yake ina kibao kinachosomeka vizuri kutoka mbali. Juzi nilipigiwa simu na kijana aliyekuwa ananiletea mzigo. Nilimtajia jina la njia, nikamtajia namba, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza ni karibu na wapi. Nikamwambia: "Vuka reli, halafu uulize."